Mama hatapona, na nyumba imejaa watu tusiowajua

Washauri wapendwa,

Mimi ni binti mkubwa katika watoto wanne. Mama yetu ana miaka 68. Aligundulika na saratani ya kongosho ikiwa imeshafika kwenye ini. Madaktari walituita sisi watoto pembeni, wakasema hakuna tena matibabu ya kuiondoa, tumrudishe nyumbani tumtunze. Wakatuandikia mofini ya maji. Chupa iko kabatini, haijafunguliwa. Mdogo wangu wa kiume ameapa haitafunguliwa yeye akiwepo, kwa sababu anasema mofini ni dawa ya kummalizia mtu. Wakati huohuo, usiku mama anakaa kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto, anauma shuka ili asituamshe.

Hatujamwambia ni saratani. Anachojua ni kwamba ana vidonda vya tumbo. Juzi nikimfuta uso aliniuliza, "Mbona siku hizi mnaniogopa?" Nikajifanya sikusikia.

Mama mdogo naye anamlisha kwa lazima, anasema mgonjwa akila atapata nguvu. Kila kijiko cha pili kinaishia kwenye kikohozi, na mama amefikia kufumba mdomo akimwona tu mdogo wake anaingia.

Ila kilichonifanya niandike ni watu. Kuna mama mmoja tulijuana naye wodini, mumewe alikuwa kitanda cha jirani akafariki. Sasa kila Jumanne na Ijumaa anakuja kukesha na mama ili sisi tupate usingizi. Kuna dereva wa teksi aliyetubeba mara moja tukitoka hospitali. Tangu hapo anatupeleka kliniki na nauli hataki. Kuna mtu alilipa deni letu la vipimo na mpaka leo hatumjui. Wengine, ambao hata mama hawamfahamu, wameanza kuchangisha kwa jina lake. Na kuna mzee ameleta chupa ya dawa anayosema inaponya saratani. Ananipigia simu kila siku kuuliza kama tumeanza kumpa.

Mimi naona aibu. Hatukulelewa kuwa watu wa kusaidiwa. Nitawalipa nini? Nimwamini nani na nini? Na mwisho ukikaribia tutaujuaje, isije ikawa sisi tumelala na mgeni ndiye yuko naye?

Binti Mkubwa

Dada yetu,

Tuanze na chupa iliyoko kabatini, maana maumivu hayangojei kikao cha familia.

Mkao huo wa mama, kuinama mbele na kukumbatia mto, unajulikana sana kwa wagonjwa wa kongosho. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, karibu na fungu la mishipa ya fahamu iliyo mbele ya uti wa mgongo. Uvimbe ukiigusa mishipa hiyo, maumivu huchoma katikati ya tumbo na kutokea mgongoni, na huzidi mtu akilala chali. Parasetamoli peke yake haiwezi kazi hiyo. Mofini inaiweza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Hofu ya mdogo wako ina chanzo. Wengi huona mofini ikiletwa wiki ya mwisho tu, mgonjwa akafariki siku mbili baadaye, na dawa ikabebeshwa lawama ya ugonjwa. Ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, mofini haimfupishii mgonjwa maisha. Wala haitamgeuza mama kuwa teja. Mwili wake utaizoea, ndiyo sababu haikatishwi ghafla baada ya wiki kadhaa, lakini hatakuwa mtu wa kuitafuta kwa uchu.

Kwa mgonjwa aliyedhoofika ambaye hajawahi kuitumia, dozi ya kuanzia mara nyingi huwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne. Kwa kuwa ini la mama limeguswa, kabla ya kumpa dozi ya kwanza mpigieni aliyeiandika mumwulize: je, dozi hii na nafasi ya saa hizi vimepangwa kwa kuzingatia hali ya ini na figo zake? Mwulizeni pia kiasi cha parasetamoli anachoruhusiwa kwa siku, maana ini bovu linapunguza kiwango hicho.

Halafu someni lebo. Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa sababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti na chupa hufanana. Tuseme dozi ya mama ni miligramu 5. Lebo ikisema miligramu 5 katika mililita 5, mtavuta mililita 5. Ikisema miligramu 10 katika mililita 5, mtavuta 2.5. Sasa tuchukulie mmezoea hiyo 2.5, chupa ikaisha, mkapewa nyingine yenye miligramu 20 katika kila mililita 1. Mkivuta 2.5 ileile mmempa miligramu 50, yaani dozi kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo daftari liandikwe miligramu na mililita kwa pamoja, na kila chupa mpya isomwe na watu wawili kabla ya kufunguliwa. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari. Kijiko cha jikoni hakipimi dawa. Viko vya mililita 3 na viko vya 7, na vyote huitwa kijiko cha chai.

Saa zake zinaweza kuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 8 usiku wa manane, baadhi ya madaktari huiondoa kwa kuagiza dozi ya kulalia iwe mara mbili ya kawaida. Msifanye hivyo kwa kukisia, ulizeni. Kosa la kawaida kabisa ni kungoja hadi alalamike. Maumivu yakishapanda, dozi hutumia karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, na mgonjwa anaona dawa haifai kitu. Mpeni kwa saa, hata kama anatabasamu. Yakipenya katikati, kuna dozi ya nyongeza ambayo daktari huiandika mapema. Akiihitaji zaidi ya mara mbili au tatu ndani ya saa 24, pigeni simu dozi ya kawaida ipandishwe.

Siku mofini inapoanza, dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyohiyo: bisakodili, sena, au nyingine ya kundi la kuamsha utumbo. Msingoje afunge choo. Kichefuchefu cha mofini hupita ndani ya siku chache na usingizi hupungua, lakini kufunga choo hakupiti maadamu dawa inaendelea. Unga wa nyuzinyuzi hautasaidia kwa mtu anayekunywa maji kidogo. Hugeuka tonge tumboni. Siku tatu bila choo ni sababu ya kupiga simu.

Siku mbili tatu za kwanza atalala sana. Sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku wote aliokesha akiuma shuka. Usingizi wa kutisha ni ule ambao mkimwita na kumgusa bega haamki, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika nzima mliyohesabu kwa saa. Viungo vikianza kurukaruka vyenyewe, au akiona vitu visivyokuwepo, huenda dawa inalimbikizana mwilini kwa sababu ya figo au ini. Yote haya ni ya kupiga simu saa hiyohiyo, na dozi inayofuata isitolewe mpaka mmejibiwa.

Mdogo wako mpeni daftari. Tunasema kweli. Awe yeye anayeandika saa, dozi, na jibu la mama kwa swali la sifuri hadi kumi: sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki. Baada ya siku tatu atakuwa ameyaona mwenyewe kwa mwandiko wake.

Kama karatasi mliyopewa haina namba ya mtu wa kupigia, kesho rudini mkaiombe, na muulize kama kuna timu ya huduma shufaa, yaani ya kumtuliza na kumtunza mgonjwa asiyepona, inayofika nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hiyo kila mwaka duniani na takriban asilimia 14 tu ndio huipata. Anayesubiri kuitwa hukosa. Anayeuliza mara tatu hupata walau namba ya muuguzi.

Sasa, vidonda vya tumbo. Mama anajua. Hajui jina la ugonjwa, lakini mtu aliyekonda hivyo, aliyerudishwa nyumbani, ambaye watoto wake wanatoka nje akiuliza swali, hahitaji karatasi ya maabara. Alichouliza si "ninaumwa nini." Aliuliza kwa nini mnamwogopa, na huo ni mlango ameufungua yeye mwenyewe. Na kuna jambo ambalo huenda hujalitazama: yule mama wa wodini anajua, dereva anajua, wachangishaji wanajua. Watu baki wote wanajua habari za mama yako kuliko yeye. Mmoja ataponyoka ulimi, na afadhali aisikie kwako.

Chagueni asubuhi moja, saa moja hivi baada ya dozi, maumivu yakiwa yametulia. Wawepo watu wawili tu, pamoja na muuguzi kama yupo. Kaa, usisimame. Anza kwa kuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Msikilize mpaka amalize. Kisha: "Daktari alitueleza mambo. Ungependa nikwambie yote, kidogo, au nisikwambie?" Akisema hataki, heshimu, mwambie mlango uko wazi siku yoyote. Akitaka, sema kwa sentensi fupi: "Ni saratani. Imesambaa. Madaktari hawana dawa ya kuiondoa. Dawa ya maumivu ipo, na hatutakuacha." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoshinda wengi. Huanza kujaza nafasi kwa "lakini Mungu mkubwa" na "wapo waliopona", na mgonjwa akalazimika kuwafariji wao. Msimtajie idadi ya miezi. Akiuliza, mwambieni ukweli kwamba hakuna anayejua siku, ila mnaona hali ikibadilika wiki kwa wiki, au siku kwa siku.

Akishajua, mwulizeni anachotaka: alale wapi siku za mwisho, nani aitwe, nani asiingie, nani aseme kwa niaba yake akishindwa kusema, na kama ana deni, hati au neno analotaka kuliacha. Andikeni. Mkichelewa wiki tatu, huenda mkayapata majibu nusu.

Kuhusu chakula tutasema kidogo. Kikohozi cha kila kijiko kinamaanisha chakula kinakwenda njia ya hewa, na mwisho wake ni nimonia. Saratani iliyofika hapo hubadilisha jinsi mwili unavyotumia chakula. Kukilazimisha hakurudishi nyama wala nguvu. Aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, nusu kijiko cha chai cha kitu laini anachokitaka yeye, mngoje ameze kabla ya kingine. Sauti ikianza kukoroma kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni. Akifumba mdomo, amejibu.

Mama mdogo anahitaji kazi ya mikono, na ipo moja ambayo wengi huisahau: kinywa. Achemshe lita moja ya maji, yapoe, atie kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea. Abadilishe kila siku. Kila baada ya saa mbili mama akiwa macho, amsafishe ulimi, ufizi na ndani ya mashavu kwa kitambaa laini kilicholoanishwa, kisha ampake mafuta ya mgando midomoni (mkianza kutumia oksijeni, yawe mafuta yenye asili ya maji). Akiona utando mweupe ambao ukiupangusa unaacha wekundu, hao ni fangasi na wana dawa yao. Kinywa kikavu humtesa mgonjwa kuliko njaa. Mama mdogo atakuwa bado anampa dada yake upendo kwa mdomo, bila vita ya kijiko.

Tufike kwa watu.

Unauliza utawalipa nini. Hawakukudai. Mtu aliyelipa deni la vipimo bila kuacha jina amekwambia waziwazi kwamba hataki kurudishiwa. Kumsaka ni kumharibia. Aibu unayoiona inatokana na kuona msaada kama mkopo, nasi tunadhani jambo la kukusumbua kweli liwe lingine: msaada usio na mipaka huchosha nyumba, na huweza kumdhuru mgonjwa bila mtu yeyote kukusudia. Kwa hiyo kazi yako ni kugawa. Maamuzi, ukweli, chupa ya dawa na pesa vibaki mikononi mwa familia. Kazi za mwili wa mama, yaani kuoga, kugeuzwa na kusaidiwa choo, zifanywe na wale tu ambao mama mwenyewe amewakubali kwa kutaja majina. Kufua, kupika, kubeba, kusubiri foleni na kukaa na watoto wanaweza kufanya wote waliobaki.

Mtu akikwambia "mkihitaji chochote mseme," usimjibu "ahsante tunashukuru" ukaishia hapo. Mpe kitu chenye siku na saa: "Alhamisi saa 9 alasiri tuna mashuka manne ya kufua." Wengi watafurahi, maana walikuja bila kujua pa kushika. Asiyekuja Alhamisi hiyo, hamna ugomvi, umeshamjua. Na simu za kuuliza hali ziende kwa mtu mmoja, asiwe wewe; shemeji au binamu mtulivu anafaa, anayetuma ujumbe mmoja jioni kwa wote.

Wageni wa kusalimia wawe wawili kwa wakati mmoja, dakika kumi na tano. Andikeni mlangoni ili lawama iende kwa karatasi.

Yule mama wa Jumanne na Ijumaa ni hazina, na ndiye pia anayehitaji uangalifu kuliko wote. Kwanza mwulizeni mama kama anapenda akeshe naye. Kisha msimwache usiku bila kitu cha kumpunguzia mama maumivu. Wala msimkabidhi chupa. Kabla ya kulala, wewe na mdogo wako vuteni dozi za usiku huo kila moja katika bomba lake, mfunike, mbandike lebo yenye jina la mama, saa, miligramu, na maneno "ya mdomoni tu". Chupa irudi kabatini na kufungwa kwa ufunguo. Yeye hutoa bomba la saa husika na kuandika daftarini; hapandishi, hapunguzi. Mwandikieni kwa herufi kubwa ni nani wa kuamshwa na kwa dalili gani.

Mfundisheni kumgeuza, maana mgonjwa aliyekonda huanza kuchubuka ndani ya saa chache. Kunjeni shuka mara mbili, liwe chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, wakunje kingo za shuka karibu na mwili, wahesabu pamoja, wamwinue na kumsogeza. Kumburuta ndiko kunakopasua ngozi: mfupa unakwenda, ngozi inabaki imenata. Kisha alazwe ubavu wa nusunusu, kama nyuzi 30, mgongo umeegemezwa mto, mto mwingine kati ya magoti, na mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Kila baada ya saa mbili mbadilishe upande, ila akiwa amelala vizuri baada ya usiku mbaya hatutakulaumu ukiongeza saa moja. Mkiona doa kwenye nyonga, tako au kisigino, bonyezeni kwa kidole: lisipofifia, au kwa ngozi nyeusi mkihisi pana joto au pagumu kuliko pembeni, pasiguswe tena na godoro wala pasisuguliwe. Pete ya kukalia, ule mto wenye tundu katikati, nayo haifai, inaminya damu pande zote.

Na msisahau kwamba mwanamke huyu amefiwa juzi. Kukesha na mama yenu huenda kunamsaidia, na huenda kunamrudisha wodini kila Ijumaa. Mwulize mkiwa wawili. Mpe ruhusa ya kupumzika kabla hajaiomba, na mwambie mapema, wazi, kwamba hali ikibadilika usiku mtaamshwa hata kama mama amelala tu tofauti kidogo. Hilo linajibu hofu yako ya kulala huku mgeni ndiye yuko naye.

Dereva umeshampa nauli, amekataa. Mtolee mafuta ya gari mara moja, akikataa acha. Ukizidi kumsukumia pesa utakuwa unamgeuza mwajiriwa. Mpe ratiba mapema asije akapoteza siku. Dozi ya nyongeza, kama imeandikwa, apewe mama nusu saa kabla ya kutoka, akae kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, na mto tumboni. Safari za kliniki zikipungua, dereva huyo anafaa kwa kufuata dawa na mmoja wenu: anzeni kutafuta chupa mpya zikiwa zimebaki dozi za siku tano, kwa sababu mofini huhitaji karatasi maalumu na mara nyingi mtaambiwa mrudi kesho.

Wanaochangisha kwa jina la mama watafuteni leo. Hata wakiwa na nia safi, pesa isiyo na mwenyewe huzaa maneno. Waambieni jina moja la kupokea na mtu wa pili wa kuandika, mahitaji yatajwe kwa majina (mofini, nepi za watu wazima, godoro), na siku mkitosheka mseme imetosha. Picha ya mama akiwa kitandani isitumwe popote bila yeye kukubali. Asiyetaka utaratibu huo, mwambieni kwa maandishi aache kutumia jina lake.

Mzee wa chupa hatukubaliani naye hata kidogo. Kitu kisichojulikana kilichomo kitapita kwenye ini lilelile lililobeba saratani, na kinaweza kugongana na mofini. Mwambie: "Ahsante mzee, kila kinachoingia mdomoni mwa mama kinapitia kwa muuguzi, na hiki hakijaruhusiwa." Sentensi ileile kila akipiga, bila kuongeza maelezo, maana maelezo ndiyo anayoyajibu. Akitaka kuja kumwombea, na mama akitaka, dakika zake kumi na tano zipo. Akianza kushauri mofini iachwe, zimekwisha.

Mwisho mtaujua kwa mambo kadhaa yanayokuja kwa pamoja. Atalala karibu mchana kutwa. Hataki maji. Mkojo unakuwa kidogo na mweusi. Mikono na miguu inapoa, magoti yanaweza kupata mabaka. Pumzi inakwenda kwa kasi, inapungua, inasimama kwa sekunde kadhaa, kisha inaanza tena. Hali hiyo huweza kuendelea kwa saa au siku. Koo likikoroma, mlazeni ubavu na muinue kichwa kidogo: ni mate asiyoweza kuyameza, na kwa kawaida yanawasumbua nyinyi kuliko yeye. Msiombe dripu kwa ajili ya kiu. Mwili ukishafika hapo maji hayo huishia mapafuni na miguuni, lowanisheni kinywa. Endeleeni kuongea naye, kwani kusikia kunaweza kubaki hata asipojibu. Waliokesha bila kubanduka mara nyingine hupitwa na dakika hiyo wakiwa wamekwenda msalani, na si kwa uzembe.

Mwulizeni muuguzi sasa, sio siku hiyo, mofini itatolewaje mama akishindwa kumeza, kwa sababu njia ipo, ya chini ya ngozi au ya haja kubwa, ila lazima iwe imeandaliwa. Mwulizeni pia nani wa kupigiwa akifariki usiku na nani huandika cheti. Pumzi ikikoma, angalieni saa, mkae. Hakuna kinachodai haraka. Mlazeni chali, mfumbeni macho, taulo lililokunjwa liwekwe chini ya kidevu, viungo vinyooshwe kabla havijakakamaa. Wito kwa watu uende kupitia yule mmoja anayetuma ujumbe wa jioni, baada ya watoto wote wanne kujua.

Mofini itakayobaki irudisheni famasi au hospitali mlikoichukua, ikiwa imehesabiwa daftarini. Mtu ataiomba kwa ajili ya mgonjwa wake, pengine mmoja wa haohao waliowasaidia, na mtaona vibaya kumnyima. Mnyimeni, mumpe namba ya muuguzi. Dozi ambayo mwili wa mama ulishaizoea inaweza kusimamisha pumzi ya mtu anayeinywa kwa mara ya kwanza.